Tundu namba tisa

Najua nimepotea sana. Wengine mmeuliza kama nimedisko, mmoja kauliza kama nimeoa (kwa bumu lipi jamani?). Hapana, nilikuwa PT. Wiki nane saiti. Asubuhi saa kumi na moja na nusu niko kituoni nagombania daladala, usiku narudi na vumbi mpaka ndani ya masikio, nikigusa godoro tu nimeshaondoka. Sasa tumefungua, bumu bado halijaingia, chumba cha watu wanne tuko sita kwa kubebana, maisha kama kawaida yake.

Nilipanga nikirudi niwape vichekesho vya saiti, na vipo vingi. Mama ntilie wetu peke yake anatosha kurasa tatu. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu mwezi wa nane, na ripoti nakabidhi Ijumaa, kwa hiyo naanza na hilo. Wale ambao si wa injinia msikimbie, nitajitahidi kuandika kama binadamu.

Kampuni siitaji, jengo silitaji. Jueni tu ni ghorofa nne katikati ya mji, la miaka ya sabini, kuta nene na madirisha ya luva. Mwenye jengo anataka vyoo vipya na viyoyozi vipya. Vyoo vipya maana yake mabomba mapya, na bomba la maji machafu la inchi nne halipiti kwenye zege kwa maombi, lazima utoboe. Ghorofa ya pili peke yake ilikuwa na matundu kumi na nne. Drili yenyewe si hii ya kutobolea ukuta utundike saa. Ni mashine imesimama kwenye mguu wa chuma, imefungwa sakafuni kwa bolti, ncha yake ni bomba lenye meno ya almasi linalozunguka huku linamwagiwa maji, na mwisho linatoa kipande cha zege cha mviringo kama keki. Tamu kuangalia, nakubali.

Tatizo ni kilichomo ndani ya hiyo keki. Darasani tunachora slabu kama kitu kimoja kizito chenye mistari michache ya nondo, basi. Slabu ya kweli ni kama begi la mwanafunzi anayehama hosteli. Mna nondo za chini, nondo za juu, paipu za plastiki za nyaya za umeme, pengine bomba la maji, pengine waya wa simu wa enzi hizo, na vitu ambavyo mafundi walivisahau tu siku ya kumwaga zege. Havionekani mpaka siku ya kukata. Ndiyo maana kabla ya drili unatakiwa kuskani, na hapo ndipo mimi nikaingia.

Mashine ya kuskani ni kisanduku chenye magurudumu manne na skrini juu, kama kigari cha mtoto. Alinifundisha injinia mkazi wetu, mwanamama mmoja asiyecheka kabla ya chai, sote tukimwita Dada Injinia. Siku mbili tu nikakabidhiwa. Mafundi waliponiona natambaa na kile kigari juu ya sakafu, macho kwenye skrini, wakafananisha na kipimo cha wajawazito. "Daktari, wa kike au wa kiume?" "Daktari, mbona hujampaka mafuta?" Jina likabaki. Mpaka mlinzi wa getini alikuwa ananiita Daktari.

Aliyekuwa hachekiki ni fundi wa drili. Mzee wa miaka sitini na ushee, kazi hii ameianza kabla baba yangu hajaoa. Nilikuwa namwita Babu kama wengine. Kila asubuhi, "Shikamoo Babu," naye, "Marahaba Daktari," uso mkavu kabisa, sikuwahi kujua kama ananitania au la.

Sasa niwaeleze kidogo mashine inavyofanya kazi maana bila hivyo hamtaelewa nilikosea wapi. Kisanduku kinatuma mawimbi ya redio ndani ya zege. Yakikutana na kitu ambacho si zege, sehemu yake inarudi, na mashine inapima yamechukua muda gani. Hewani mawimbi haya yanakwenda sentimita 30 kwa nanosekunde moja (sekunde uigawe mara bilioni). Ndani ya zege yanapunguza mwendo, ni sentimita 10 hivi. Kwa hiyo kitu kilicho sentimita 7 chini kinajibu baada ya nanosekunde 1.4, kwenda na kurudi. Ya kwetu ilikuwa ya gigahezi 1.6, na zege likiwa kavu inaona mpaka sentimita 40 hivi. Zege bichi au lililolowa ni shida tupu, maji yanameza mawimbi yote.

Lakini kwenye skrini nondo haionekani kama nondo. Inaonekana kama nyusi. Mashine inaanza kuisikia nondo kabla haijafika juu yake, kwa mbali, halafu inaikaribia, halafu inaiacha. Umbali unapungua kisha unaongezeka, mchoro unatoka upinde. Kilele cha upinde ndipo nondo ilipo. Ukishazoea ni raha, unapita na nyusi zinajipanga moja baada ya nyingine kila sentimita 20, zimekoza nyeupe na nyeusi, maana chuma kinarudisha karibu mawimbi yote.

Sikilizeni sasa hapa. Nyusi inatokea pale tu unapovuka kitu, kama unavyovuka barabara. Ukipita sambamba nacho, juu yake, umbali haubadiliki, kwa hiyo unapata mstari ulionyooka tu, kama vile ni tabaka la niru. Na ukipita sambamba nacho lakini pembeni kidogo, unaweza usipate chochote. Ndiyo maana unachora miraba kwa chaki sakafuni, unapita kulalia, halafu unapita kusimamia. Dada Injinia alirudia hili siku ya kwanza mpaka nikachoka. "Pande mbili, kijana. Upande mmoja hujaskani, umefagia."

Kuna kitu kingine nilikigundua mwenyewe. Nondo zina nidhamu. Zinapangwa kwa mchoro, injinia anakuja kuhesabu kabla zege halijamwagwa, ikikosewa nafasi inafunguliwa inafungwa upya. Paipu ya umeme haina mwenyewe. Fundi umeme anaitwa siku moja kabla ya kumwaga, anaambiwa fanya haraka, anatoka kwenye boksi la swichi mpaka kwenye taa kwa njia ya mkato, kona kwa kona, mchoro unasema vingine. Anayekuja kutoboa miaka arobaini baadaye hana habari. Halafu ni plastiki, kwenye skrini inatoa nyusi hafifu ambayo ikikaa chini ya nondo huioni kabisa, nondo inaipiga kivuli.

Mtauliza, kwani hakuna kifaa kingine? Kipo kile kidogo cha sumaku cha kutafutia nondo, kizuri na bei nafuu, lakini kinajua chuma tu, plastiki haimhusu. Vingine vinasikiliza mlio wa umeme wenyewe, ule wa mizunguko 50 kwa sekunde, na vingi vinataka umeme uwe unatembea. Sakiti ambayo hakuna kilichowashwa iko kimya na inaua vile vile. Ipo pia picha ya mionzi, kama eksirei ya mfupa, inaonyesha vizuri sana, ila unahitaji kuweka filamu upande wa pili wa slabu, watu wote watoke, na vibali vya Tume ya Nguvu za Atomiki. Kwa matundu ya choo? Thubutu.

Kuna majengo mabaya zaidi ya letu. Haya mapya yenye kumbi pana bila nguzo, ndani ya slabu mna kebo za chuma zilizovutwa zikakaza. Kebo moja ya milimita 12.7, nene kama kidole tu, inakaa imebeba mvuto wa tani 13 au 14. Ukiikata inaweza kufyatuka na kutokea pembeni mwa jengo, na slabu imepoteza ilichokuwa inashikilia. Halafu haikai kina kimoja: juu ya nguzo inapanda, katikati inashuka. Dada Injinia alisema kwenye slabu ya namna ile hata tundu la kutundikia taa anataka kusimama mwenyewe. Letu halikuwa na kebo hizo. Nadhani ndiyo maana wote tulilegea.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Ghorofa ya chini yetu kulikuwa na ofisi za watu zinafanya kazi, kompyuta zimewashwa, na wapangaji walishagoma kabisa kuzimiwa umeme saa za kazi. Ukitaka kuzima sakiti moja tu? Boksi la swichi lilikuwa na swichi karibu ishirini na hakuna hata moja yenye maandishi. Mchoro wa zamani ulipatikana, nakala ya nakala, ukaonyesha kwamba chumba kile umeme unapita ukuta wa upande wa pili. Meneja wa saiti akaja saa nne na nusu. "Daktari, nataka matundu manne kabla ya chakula."

La nane halikuwa na shida. La tisa lilikuwa kati ya ukuta na kabati la mafaili. Kabati la chuma, refu, limejaa makaratasi mpaka milango haifungi, wenyewe walihama wakaliacha. Nafasi iliyobaki kati ya kabati na ukuta ni kama nusu mita. Kwa urefu, sambamba na ukuta, kigari kilipita vizuri. Kwa upana kigari kikikaa tu nafasi imeisha, hakuna pa kukisukuma. Kuhamisha kabati kunataka watu wanne na watu wote walikuwa juu wanapandisha mabati.

Nikapita kwa urefu. Mara tatu, sentimita 10 kutoka mstari hadi mstari. Nyusi za nondo zikaja vizuri, kila sentimita 20. Na kwenye mpito wa kwanza, uliopita katikati ya tundu, kulikuwa na mstari. Hafifu, umenyooka, sentimita 7 chini. Kwenye mpito wa pili haupo. Wa tatu haupo.

Niliuona. Ningekuwa sikuuona ningelala usingizi. Niliuona, nikasimama nao kama dakika nzima, nikajiambia ni niru. Tabaka la niru gani lina upana wa chini ya sentimita 10? Ukiniuliza kwenye mtihani nakujibu napata alama zote. Lakini meneja kasema manne kabla ya chakula, mchoro unasema umeme uko upande wa pili, na mimi kumwita Dada Injinia nimwambie sijui ninachokiona, baada ya wiki tano za kuitwa Daktari... niliona aibu. Ni hiyo tu, hakuna sababu nyingine kubwa. Nikachora duara la chaki kati ya nondo mbili, nikaweka alama ya vema katikati, nikapiga picha kwa simu kwa ajili ya logibuku, nikahamia la kumi.

Kwa taarifa yenu, mashine za ukoo huu ziliwahi kwenda mwezini. Apollo 17, Desemba 1972, ilizunguka na rada ya kuchungulia chini ya uso wa mwezi. Mimi ilinishinda kwa sababu ya kabati.

Nilikuwa nimeinama kwenye la kumi niliposikia mlio. Si mlipuko wa sinema, ni kama mtu amepiga bati kwa nyundo mara moja. Nikageuka nikaona mwanga wa bluu umepita kwenye maji, na Babu amekaa chini. Hakuanguka, amekaa, kama mtu aliyekaa kula, miguu mbele, mkono wa kulia ameushika kwa mkono wa kushoto. Ghorofa ya chini watu wakaanza kupiga kelele kwamba umeme umekatika. Mtu mmoja akakimbilia kumshika, mwingine akapiga ukelele asiguswe kwanza, drili imesimama lakini maji bado yanamwagika. Nani alikwenda kuzima swichi kuu sikumbuki. Mimi nilikuwa nimesimama na kigari.

Kilichomsaidia ni buti za mpira, na ile mashine ilikuwa na ethi nzuri, umeme mwingi ukapita huko na swichi ikakata. Vile vikinga shoti vya kisasa vimetengenezwa vikate umeme ukivuja miliampia 30, kwa sababu kuanzia hapo moyo wa mtu unaweza kuvurugika. Soketi za kwetu ni volti 230. Jengo lile halikuwa na kikinga hata kimoja. Hospitali wakampima moyo kwa zile nyaya za kifuani, wakamlaza usiku mmoja, wakasema ana bahati. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi.

Saa kumi jioni meneja akatuita wote. Akasema ripoti ya ajali lazima iandikwe leo, na alivyoona yeye, fundi ametoboa nje ya alama. Watu kimya. Alama zilikuwa za nani? Zangu. Na zilikuwa wapi? Hazipo. Maji ya drili yalishafuta chaki yote, sakafu nyeupe tupu na tundu lenye kina cha sentimita 7. Akaniangalia. "Daktari, si ulimwekea alama?" Nikasema nilimweka. Basi. Wala sikudanganya, si ndiyo? Nilimwekea alama kweli. Akaandika.

Usiku ule sitausahau. Simu ninayo mfukoni, picha imo, duara la chaki liko pale pale drili ilipopita, nimesimama juu yake mpaka ncha ya buti yangu inaonekana. Kwenye logibuku nilishaandika "Kuskani matundu 8 hadi 11, kazi imekamilika". Mwenzangu wa chumbani, namheshimu sana na sijasema ni mtu mbaya, akaniambia kaa kimya. Wewe ni mtoto wa PT, wiki tatu unaondoka, msimamizi wa chuo anakuja Jumatatu kukupa alama, mzee mwenyewe ni mzima, tatizo liko wapi? Nikakubaliana naye kabisa. Nikazima taa. Saa nane usiku nikawa nimekaa ngazini na ile picha.

Kilichonisumbua si dini wala nini, ni hesabu ndogo tu. Kama ripoti inasema alitoka nje ya alama, basi ni uzembe wake. Kama ni uzembe wake, kesho anachukuliwa fundi mwingine na yeye hana kazi. Mkono wenyewe ndio huo. Na duara ni langu.

Asubuhi nikamfuata Dada Injinia kabla hajanywa chai, kosa la pili. Nikamwonyesha picha. Nikamwambia nilipita upande mmoja. Nikamwambia na ule mstari niliuona. Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba nikaanza kueleza upya, akanyoosha mkono kuninyamazisha. Akaniuliza swali moja, "Kwa nini hukuniita tuhamishe kabati?" Sikuwa na jibu la kumpa injinia. Jibu nimewaandikia ninyi hapo juu.

Akaita watu wanne. Kabati likasogezwa mita mbili, halikuchukua hata dakika tano. Nyuma yake, ukutani, chini, palikuwa na soketi.

Niache niseme tena. Nyuma ya kabati palikuwa na soketi, ya zamani, imepigwa rangi pamoja na ukuta. Umeme wake ulikuwa unakuja kwa chini ya sakafu, sambamba na ukuta, kinyume na mchoro. Dada Injinia akachukua kigari mwenyewe, akakivusha kwa upana. Nyusi ikaja hapo hapo, hafifu, kilele sentimita 7, katikati ya tundu. Akavusha mara tano na mara tano ikaja. Akanipa chaki. "Haya, chora."

Ripoti ikaandikwa upya. Niliandika sehemu yangu kwa mkono wangu, na yeye akaongeza yake, kwamba kila tundu lilitakiwa kupata saini yake kabla ya kutobolewa na yeye aliniachia. Hilo sikulitegemea. Meneja hakunisemesha tena mpaka PT inaisha, alikuwa ananitumia ujumbe kupitia mlinzi. Fomu za OSHA na za mfuko wa fidia zikajazwa, na Babu siku zake za kukaa nyumbani akalipwa, baada ya kuzungushwa kidogo. Msimamizi wa chuo alipokuja Jumatatu alisoma yote, akasema "mh", akaandika kitu kwenye daftari lake. Alama sijazijua mpaka leo.

Jumapili yake nilikwenda kwa Babu, Tandika. Nimebeba sukari kilo mbili na maneno niliyokuwa nimeyapanga kwenye daladala yote yamenipotea mlangoni. Akanikaribisha, akamwambia mjukuu wake alete kiti. Vidole bado vilikuwa na ganzi, kikombe alikuwa anakishika kwa kushoto. Nikamweleza kama nilivyomweleza Dada Injinia.

Akanisikiliza. Akauliza, "Kwa hiyo uliona kitu."

"Niliona, Babu. Sikujua ni nini."

"Sasa si ungeniambia hivyo hivyo? Kwamba hapa kuna kitu sijui ni nini. Mimi ningeshika tindo nikachimbua kwa mkono. Nusu saa."

Nikasema nilidhani itaonekana sijui kazi. Akacheka, mara ya kwanza namwona anacheka, na hakikuwa kicheko kibaya. Akasema wao zamani hawakuwa na kigari, mtu unaingia chumbani unaangalia swichi iko wapi, soketi iko wapi, taa iko wapi, bomba liko wapi, unajiuliza kama ungekuwa wewe fundi umeme na una haraka ungepita wapi. Akaniuliza mimi kama nilifanya hivyo. Sikufanya. Yeye akasema siku ile na yeye hakufanya, kwa sababu aliona vema ya chaki, na kigari ni cha kitaalamu, akasema wacha wasomi wafanye yao. Hapo nikainama nikaanza kuhesabu maua ya mkeka.

Alirudi kazini wiki yangu ya mwisho. Kushika drili bado, akawa anaelekeza kijana mwingine. Yalikuwa yamebaki matundu mawili, la kumi na tatu na la kumi na nne. La kumi na tatu nilipita pande zote mbili, safi, nikaweka vema, Dada Injinia akasaini. La kumi na nne lilikuwa karibu na nguzo, nondo zimesongamana, nyusi juu ya nyusi, huelewi kipi ni kipi. Kuna kitu chini yao kilikuwa kinaonekana na kupotea. Nikachora duara na katikati yake nikaweka alama ya kuuliza. Kijana wa drili akaniambia hajawahi kuona alama hiyo saiti.

Babu akaja akasimama, mikono nyuma. Akaangalia ukutani kwanza, akaangalia dari, halafu chaki.

"Hapa je, Daktari?"

"Sijui, Babu."

Akamtuma kijana akalete tindo na nyundo. Ilichukua dakika arobaini. Ilikuwa paipu, tupu, haina hata waya mmoja ndani. Kijana akalalamika kwamba tumemchosha bure, na Babu akamwambia aifukie vizuri.

Haya wadau, maktaba wanazima taa na mimi bado sijaandika sura ya tatu ya ripoti. Ile picha ya buti yangu imo, ukurasa wa tisa, sikuipangilia imetokea tu hivyo. Uwasilishaji ni Ijumaa saa nne asubuhi, mwenye tai ya kuniazima ajitokeze mapema, ya mwaka jana ilishaliwa na panya wa hosteli. Habari za mama ntilie zinakuja.